Seli za mwili wenyewe zinausaidiaje uvimbe wa ulimi? Jibu kwa msomaji wa Makambako

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 63, amevuta misokoto tangu ujana, na msimu wa ulanzi hakuwa mtu wa kukataa. Alikaa miezi na kidonda pembeni ya ulimi, tukidhani ni jino linamkwaruza. Majibu ya kinyama yametoka, ni saratani. Daktari wa Mbeya alituambia uvimbe ni mgumu kwa sababu umezungukwa na seli nyingi za tishu unganishi. Akasema seli hizo si za saratani ila zinaisaidia. Anataka kukata sehemu ya ulimi pamoja na tezi za shingoni, ingawa shingoni sisi hatuoni kitu, na baadaye huenda mzee akapelekwa Dar kwa mionzi. Baba mdogo anasema kama seli ni za mwili wake mwenyewe haziwezi kumdhuru, na anaye mtu wa kumchua na kumpa dawa ya kulainisha uvimbe. Nauliza: inakuwaje seli nzima zisaidie saratani? Na kwa nini wasitoe dawa ya kuziua seli hizo ili mzee asikatwe ulimi?"

Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana kwa ugonjwa wa mzee. Nianze na kile ambacho kikao cha ukoo kinakisubiri: mzee asichuliwe, asipewe dawa ya kulainisha, na tarehe ya upasuaji isisogezwe. Sababu zinafuata. Daktari wenu, kwa maelezo yale mafupi, amewagusia jambo ambalo wanafunzi wetu wengi wa udaktari hulipita haraka wakikimbilia kukariri majina ya dawa.

Kazi yangu ni patholojia. Mgonjwa wodini simwoni. Kinachonifikia ni kipande chake ndani ya chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Ulimi uliokaa kwenye formalini hugeuka hudhurungi, na msuli wake hukatika kwa mkono mwepesi. Kisu kikikaribia uvimbe, mkono unajua kabla ya jicho: kinaanza kukwaruza, inabidi ukaze, na pale palipokatwa panaonekana peupe, pakavu, tofauti kabisa na msuli ulio jirani. Ndugu wakigusa ugumu huo mdomoni husema hiyo ndiyo kansa. Kwa sehemu kubwa siyo. Wanachogusa ni kolajeni, nyuzi za protini zilizosukwa na kubanwa, na msukaji wake ni seli iitwayo fibroblasti.

Chini ya hadubini picha inakuwa wazi zaidi. Kipande hukatwa chembamba sana na kutiwa rangi mbili, ya zambarau inayoshika viini vya seli na ya waridi inayoshika kilichobaki. Karibu saratani tisa kati ya kumi za kichwa na shingo huanzia kwenye ngozi laini inayotandaza mdomo, koo na kisanduku cha sauti, na nadhani ya mzee ni ya aina hiyo. Seli zake zinakaa kwa mafungu mafungu, viini vikubwa, vyeusi, visivyolingana. Katikati ya mafungu hayo pana mikanda ya waridi, na ndani ya mikanda utaona viini virefu, vyembamba, vimechongoka pande zote mbili, vimelala vikifuata mzunguko wa kila fungu. Hizo ndizo fibroblasti. Kwenye baadhi ya slaidi ninazopokea eneo la mikanda ni kubwa kuliko la saratani yenyewe.

Sasa, fibroblasti ni nani? Mwanapatholojia wa Kijerumani Rudolf Virchow alizieleza seli hizi mwaka 1858, na kwa zaidi ya miaka mia moja zilihesabiwa kuwa wajenzi tu, seli za kutengeneza kolajeni na kunyamaza. Ziko kila mahali: chini ya ngozi, ndani ya misuli, kuzunguka mishipa ya damu. Mtu akijikata na jembe, zinaamka. Zinahamia kwenye jeraha, zinasuka kolajeni mpya, na baadhi zinapata nguvu ya kujikunja karibu sawa na ya msuli, ndizo zinazovuta kingo za kidonda zikutane. Aina hiyo yenye nguvu ya kujikunja, myofibroblasti, ilielezwa na Giulio Gabbiani na wenzake mwaka 1971. Tunaitambua maabara kwa protini ya aktini ya misuli laini: ukiipaka slaidi kingamwili ya kuitafuta protini hiyo, myofibroblasti zinajitokeza kwa rangi ya kahawia na nyingine zinabaki zimefifia.

Kidonda kikishafunga, seli hizo hupewa amri ya kuacha. Nyingi hujiua kwa utaratibu wa mwili wenyewe, zilizobaki hurudi kulala. Ndiyo maana kovu huanza likiwa nene, likapungua kadiri miezi inavyokwenda.

Kwenye saratani amri ya kuacha haifiki. Seli za saratani zinamwaga kemikali zilezile ambazo jeraha humwaga, kubwa kati yake ikiitwa TGF-beta, na zinaendelea kuimwaga mchana na usiku. Fibroblasti za jirani zinasikia kuna jeraha na kufanya kazi yake. Zinasuka, zinavuta, zinaita mishipa mipya ya damu, zinatoa vichocheo vya kukuza seli, kwa kuwa kidonda cha kweli kingehitaji vitu hivyo vyote. Harold Dvorak wa Boston aliliweka vizuri mwaka 1986 aliposema uvimbe wa saratani ni jeraha lisilopona. Hakusema kwa mapambo. Alikuwa akipima umajimaji na protini zinazovuja kwenye uvimbe, akakuta ni zilezile za jeraha.

Kwa hiyo mwambie baba mdogo, kwa heshima yake, kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Seli hizo ni za mwili wa mzee, na tofauti na seli za saratani, jeni zake kwa kawaida hazijaharibika. Zinatii. Taabu ni kwamba anayezipa amri ni saratani. Na ukitaka kumalizia hoja hapohapo, mkumbushe kuwa saratani yenyewe nayo ilianza kama seli ya ulimi wa mzee. Mwenye mwili ni mmoja.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu swali lako la pili, la dawa ya kuziua, linajibiwa na jaribio moja. Mwaka 2007 kundi la Erik Sahai jijini London lilichukua seli za saratani ya aina hii na fibroblasti, likaziweka pamoja juu ya tabaka la protini linalofanana na lile la mwilini, kisha likatazama nani anaingia ndani na kwa mpangilio gani. Zikiwa peke yake, seli za saratani hazikwenda mbali. Zikiwa na fibroblasti, ziliingia kwa makundi, na kila mara aliyekuwa mbele alikuwa fibroblasti. Alikuwa akimeng'enya na kusukuma nyuzi kando, na nyuma yake panabaki mfereji. Fikiria mtu mwenye panga anayetangulia kwenye mabingobingo marefu. Wanaomfuata hawahitaji panga. Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni hii: fibroblasti zilipoondolewa baada ya mifereji kuchimbwa, seli za saratani ziliendelea kupita kwenye mifereji ileile.

Umeona hoja? Hata kama leo ningekuwa na sindano ya kuua kila fibroblasti kwenye ulimi wa mzee, njia ambazo zimeshachimbwa zingebaki. Kidonda chake kina miezi kadhaa. Njia zipo.

Kuchimba njia ni kazi moja tu kati ya nyingi. Fibroblasti za saratani hutoa kichocheo kiitwacho HGF, kinachokamata kipokezi cha MET juu ya seli za saratani na kuziamsha zigawanyike na kutembea. Pia zinaukaza mtandao wa kolajeni kwa kuunganisha nyuzi moja na nyingine, na ugumu wenyewe unakuwa ishara kwa seli za saratani kwamba ziendelee kukua. Halafu kuna suala la kinga. Kwenye slaidi nyingi naona seli za kinga, zile ndogo za duara zenye kiini cheusi, zimejazana nje ya ukanda wa waridi. Zimefika, ila hazivuki. Sababu moja ni msongamano wa nyuzi, nyingine ni TGF-beta ileile, ambayo inazituliza seli T, yaani askari wa kinga wanaoua seli mbovu, zisifanye kazi. Wagonjwa wengi wa saratani ya kichwa na shingo hawanufaiki na dawa mpya za kuamsha kinga, na hali hii inaaminika kuwa sehemu ya sababu. Fibroblasti huongeza pia uvumilivu wa saratani kwa mionzi na kwa dawa kama sisplatini. Hayo nayapitia haraka kwa kuwa hayabadilishi uamuzi wenu wa leo.

Kinachobadilisha uamuzi ni shingo. Umesema hamuoni kitu shingoni na mnashangaa kwa nini ipasuliwe. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichukua saratani za mdomo na kichwa kutoka kwa wagonjwa 18 na kusoma jeni zinazofanya kazi ndani ya seli moja moja, karibu seli elfu sita. Walikuta kwamba kwenye ukingo wa uvimbe, pale saratani inapogusana na fibroblasti, kuna seli za saratani zilizobadilika nusu: zimeanza kuachia wenzake na kupata tabia ya kutembea, bila kupoteza kabisa asili yake. Vimbe zilizokuwa na seli nyingi za namna hiyo ndizo zilizoelekea kupeleka saratani kwenye tezi za shingoni. Safari ya kwenda shingoni inaanzia ukingoni, kwa ushirikiano wa pande mbili, muda mrefu kabla tezi haijavimba kiasi cha kushikika kwa kidole. Tezi yenye saratani ya milimita mbili huwezi kuihisi. Mara nyingine hata picha ya CT haiioni. Mimi huikuta chini ya hadubini, kwenye tezi ambayo kwa macho ni ya kawaida kabisa.

Na suala la kupasua shingo mapema au kungoja limepimwa, tena kwa watu wanaofanana na wetu kuliko wale wa Ulaya. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iligawa wagonjwa wa saratani ya mdomo ya hatua za mwanzo, ambao shingo zao zilikuwa safi kwa kupapasa, makundi mawili. Kundi moja liliondolewa tezi palepale wakati wa upasuaji wa mdomo, jingine lilisubiri hadi tezi zijitokeze. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3, waliokuwa hai kwenye kundi la kwanza walikuwa asilimia 80, na kwenye kundi la kusubiri asilimia 67.5. Tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo maana saratani ya ulimi ikishazama zaidi ya milimita 3 au 4, wapasuaji wengi hushauri tezi ziondolewe hata kama shingo inaonekana nzuri. Daktari wenu hajazidisha.

Sasa turudi kwenye dawa ya kuziua fibroblasti, kwa sababu swali lako si la kijinga hata kidogo. Watu wenye maabara kubwa duniani walijiuliza hivyohivyo na kutumia fedha nyingi. Somo kali lilitoka kwenye saratani ya kongosho, ambayo ina kolajeni nyingi kuliko karibu saratani zote. Ilitengenezwa dawa ya kuzima mawasiliano yanayoziamsha fibroblasti zake. Kwa panya ilileta matumaini makubwa. Kwa binadamu, jaribio lilisimamishwa mwaka 2012 kabla ya muda wake, kwa kuwa waliopewa dawa hiyo walikuwa wakifa mapema kuliko wasiopewa. Miaka miwili baadaye ilichapishwa kazi ya panya ambao myofibroblasti zao ziliondolewa kwa njia ya jeni: saratani zao zikawa kali zaidi na panya wakaishi muda mfupi.

Tafsiri inayokubalika sasa ni kwamba fibroblasti za uvimbe ni za aina kadhaa. Zipo zinazoisaidia saratani, na zipo zinazoizuia kwa kuizungushia ukuta. Ukiziua zote, umeua na walinzi. Kongosho si ulimi, najua, na kwenye saratani ya mdomo ushahidi dhidi ya myofibroblasti ni mzito. Mwaka 2011 kundi moja la Uingereza lilichunguza vipande vya wagonjwa wapatao 280 wa saratani ya mdomo na kukuta kwamba wingi wa myofibroblasti ulitabiri kifo vizuri kuliko hata hatua ya ugonjwa. Mimi binafsi matokeo hayo yalibadili jinsi ninavyotazama mikanda ya waridi; kabla yake nilikuwa nikiiona kama pengo kati ya vitu vya maana. Hata hivyo kujua kwamba seli fulani zinatabiri kifo hakukupi ruhusa ya kuziua bila kujua zipi ni zipi.

Tena kuna jambo la kawaida kabisa ambalo husahaulika: mzee atakuwa na jeraha la ulimi na shingo. Anayelifunga jeraha hilo ni fibroblasti. Mgonjwa asiye na fibroblasti zinazofanya kazi, jeraha lake halifungi.

Zipo kazi zinazoendelea. Kuna dawa moja yenye pande mbili, upande mmoja ikishika kipokezi cha EGFR juu ya seli za saratani ya kichwa na shingo, upande wa pili ikinasa TGF-beta iliyo jirani, na inajaribiwa pamoja na dawa ya kinga. Kuna pia kipimo cha picha kilichoanzia Heidelberg, Ujerumani, kinachotafuta protini ya FAP iliyo juu ya fibroblasti zilizoamshwa. Badala ya kutafuta saratani moja kwa moja, mashine inatafuta wasaidizi wake. Hayo ni ya majaribio na ya vituo vikubwa vya nje. Mtu akiwauzia hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au mtandaoni kitu anachodai kinaua seli saidizi za saratani, ni muongo, mwacheni na fedha zenu zibaki mfukoni. Na kwa kuwa naijua mitandao: mtasoma kwamba losartani, dawa ya presha, hulainisha uvimbe. Imechunguzwa kwa saratani nyingine na kwa mpangilio maalumu. Msimnunulie mzee vidonge vya presha dukani kwa ajili hiyo.

Kuhusu kumchua. Kolajeni ya uvimbe imeunganishwa kwa vifungo vya kemikali, na hakuna kidole kinachoifungua wala majani ya kunywa yanayoiyeyusha. Kuchua kunaumiza tishu, kidonda kinavuja damu, na maumivu yanamfanya mzee ashindwe kula wakati ambapo anahitaji kila kilo aliyonayo. Jeraha jipya ndilo jambo lenyewe linaloziamsha fibroblasti. Ila hasara kubwa ya mganga, kwa kadiri ninavyoona kwenye chupa zinazonifikia, ni muda. Vipande vinavyokuja baada ya miezi ya kulainisha mara nyingi si tena vya pembeni ya ulimi. Vimeshafika sakafu ya mdomo na taya, na mpasuaji hana pa kusimama.

Huenda baba mdogo atakuja na ile hoja nyingine, kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Kwa kipimo cha kinyama mdomoni hakuna ushahidi unaosimama kwamba kinapunguza maisha ya mgonjwa. Kinachowafanya watu waamini hivyo ni kwamba wengi hufika kisu kikiwa kimechelewa.

Sasa utaelewa kwa nini upasuaji wenyewe hukata mbali na ugumu. Mpasuaji hafuati mpaka unaoonekana, anajua kwamba kwenye ukingo kuna vidole vya saratani vimeingia kwenye njia zilizochimbwa. Huchukua pamoja na nyama inayoonekana nzima. Kwenye ripoti yangu napima umbali kati ya seli ya mwisho ya saratani na mstari wa kisu. Tunataka angalau milimita 5. Majibu ya upasuaji yakitoka, ombeni mweleweshwe mambo manne: saratani imezama milimita ngapi, ukingo umebaki milimita ngapi, kama imezunguka mishipa ya fahamu, na kama kuna tezi yenye saratani iliyotoboa ganda lake. Tezi iliyotoboka au ukingo wenye saratani ndivyo humfanya daktari aongeze sisplatini juu ya mionzi. Mionzi ikihitajika, lengo ni ianze ndani ya wiki 6 tangu upasuaji, kwa hiyo msingoje majibu ndipo mwanze kuuliza habari za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Nendeni mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu gharama na barua ya rufaa, na mtafute ndugu wa kumpokea Dar, kwa sababu mionzi ya kichwa na shingo huchukua wiki 6 au zaidi, siku tano kwa wiki, na mtu wa Makambako hawezi kwenda na kurudi. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi. Baada yake, mfupa wa taya uliopigwa mionzi huweza kukataa kupona.

Sigara iishe leo. Najua mzee atasema madhara yameshafika, ya nini kumnyima. Mwaka 1993 utafiti wa Kanada kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi ulionyesha kwamba uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 74 ya waliokuwa wamejizuia kuvuta, na kwa asilimia 45 tu ya walioendelea. Ugoro nao uwekwe kando, maana najua ukimnyima msokoto atatafuta wa kumgawia ugoro. Ulanzi ungoje angalau matibabu yaishe. Pombe juu ya kidonda cha mdomo ni mateso, na pombe na tumbaku kwa pamoja zinasababisha saratani hii kuliko kila moja peke yake.

Kwenye popoo, ile inayotafunwa pamoja na tambuu pwani na India, hadithi inaenda kinyume na ya mzee: fibroblasti zinaanza, saratani inafuata. Kemikali za popoo huzichochea zisuke kolajeni chini ya ngozi ya mashavu hadi mdomo ukashindwa kufunguka, na baada ya miaka sehemu ya watu hao hupata saratani palepale. Huku kwetu nyanda za juu siioni mara nyingi. Nimeitaja kwa sababu mtu asiyeamini kwamba seli hizi zinaweza kuleta balaa angeiona mara moja tu angeamini.

La mwisho ni kuhusu miezi ya baada ya matibabu, kwa kuwa mtanitumia swali jingine mkipapasa shingo ya mzee na kuikuta ngumu. Mionzi inaziamsha fibroblasti kwa nguvu kubwa, na zikiamka zinasuka. Shingo hukakamaa, ngozi yake hukaza, bega huwa zito, taya hubana. Ugumu unaoenea taratibu, usio na mpaka, pande zilizopigwa mionzi, mara nyingi ni kovu. Uvimbe mpya wenye umbo, kidonda kinachorudi kwenye ulimi, maumivu yanayopanda sikioni au sauti inayobadilika ni vitu vya kurudi hospitali wiki hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Kwenye mwaka wa kwanza kliniki huwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, na hata akijisikia mzima asiiruke.

Kovu hilo linapunguzwa kwa mazoezi yanayoanza mapema, siyo baada ya mdomo kufunga. Mwambie mzee ajipime kwa vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimesimama wima kati ya meno ya juu na ya chini. Leo kabla ya upasuaji aangalie kama vinaingia, kisha ajipime kila wiki. Vikibaki viwili, muone mtaalamu wa fiziotherapia haraka. Afungue mdomo hadi unapokaza, aushikilie hapo kidogo, aachie, arudie mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni, katika wiki zote za mionzi na miezi inayofuata. Mjukuu wa kumkumbusha atafaa kwa kazi hiyo kuliko mtu mzima, maana wazee wetu wa Njombe na Makambako mjukuu hawamkatalii.